"Mfumo uko tayari": utangulizi wa kusimamia mradi wa TEHAMA

Katika kikao cha mradi wa TEHAMA hakuna neno linaloleta balaa kimyakimya kama "tayari". Msanidi wa programu akilitamka, anamaanisha msimbo umeandikwa na kwenye kompyuta yake unaitika. Mhasibu akilisikia, anaelewa kwamba kumbukumbu za miaka kumi na tano zimeshaingizwa na hesabu zimefungana. Karani wa dirishani anaelewa kwamba keshokutwa ataitwa kwenye mafunzo. Mwenyekiti anaelewa kwamba anaweza kusimama mbele ya mkutano mkuu akatangaza. Wote wanatoka kikaoni wameridhika, kila mtu na tarehe yake.

Kusimamia mradi, ukiweka kando fomu na chati, ni kulibana neno hilo mpaka libaki na maana moja iliyoandikwa, na kufanya hivyo kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Tuchukue mfano: SACCOS ya wanachama 3,200, matawi matatu, leja za karatasi tangu 2009, pamoja na mafaili ya Excel ambayo kila tawi liliyaanzisha kwa mtindo wake. Bodi imetenga shilingi milioni 120 kwa ajili ya mfumo wa kompyuta. Chama hiki ni cha kufikirika, lakini matatizo yake atayatambua yeyote aliyewahi kuhamisha ofisi kutoka daftari kwenda kwenye kioo.

Kabla ya zabuni

Karatasi ya kwanza ni hadidu za rejea, na isizidi kurasa tano. Humo mnaandika kwa nini mradi upo, nini kimo, na nini hakimo. Hilo la mwisho ndilo huachwa. Kama tovuti ya chama, simu za mkononi za maofisa mikopo na mishahara ya watumishi havimo, viandikwe kwa majina kwamba havimo. Kitu kisichoandikwa kitadaiwa mwezi wa tano wa mradi, na mtoa huduma, yaani kampuni inayowajengea mfumo, atakuwa na haki ya kukataa kama ambavyo ninyi mtakuwa na haki ya kudai.

Karatasi hiyohiyo itaje mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana kuhusu pesa, muda na mawanda, yaani kilichomo na kisichomo. Awe mtu, isiwe kamati. Kamati ya watu kumi na mmoja inaweza kushauri, lakini swali la "risiti itoke na jina la tawi au la?" likisubiri akidi ya kamati, wiki mbili zinapita na wasanidi wanalipwa wamekaa. Meneja wa mradi ni mtu mwingine. Huyu wa pili anafuatilia kazi kila siku, yule wa kwanza anaamua mambo yakikwama. Pale mtoa huduma anapoachiwa awe meneja wa mradi kwa pande zote mbili, chama kinakuwa kimemwajiri mtahiniwa asahihishe mtihani wake mwenyewe.

Kisha yanakuja mahitaji, yaani orodha ya kile mfumo utafanya. "Mfumo uwe rahisi kutumia" halipimiki, kwa hiyo halidaiki. "Karani apokee rejesho la mwanachama mmoja na kutoa risiti ndani ya sekunde 60, hata kama mtandao wa tawi ni wa modemu ya simu" linapimika kwa saa ya mkononi. Kila hitaji mlipe daraja: lazima, muhimu, likiwezekana, si awamu hii. Mkiona zaidi ya nusu ya orodha imewekwa "lazima", kaeni tena.

Hitaji baya kuliko yote ni lile ambalo hakuna aliyeliandika kwa sababu kila mtu ofisini analijua. Riba ni mfano mzuri. Mwanachama amekopa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Chama kinachotoza riba ya moja kwa moja juu ya mkopo wa awali kitapata riba ya 216,000. Mfumo uliopangwa kutoza juu ya salio linalopungua, kwa mtaji unaolipwa sawasawa kila mwezi, utahesabu 117,000. Tofauti ni 99,000 kwa mkopo mmoja. Balaa zaidi ni kwamba rejesho la mwezi wa kwanza ni 118,000 kwa njia zote mbili. Mjaribu anayeingiza mkopo, akapokea rejesho moja na kuona tarakimu zimelingana na leja, atatia saini kwamba moduli ya mikopo ni nzima. Tofauti inajitokeza mwezi wa pili, njia moja ikidai 118,000 tena na nyingine 116,500. Ndiyo maana mahitaji ya fedha huandikwa pamoja na mfano uliokokotolewa kwa mkono hadi rejesho la mwisho, ukiwemo wa mkopaji aliyechelewa na wa aliyelipa mkopo wote kabla ya muda.

Pesa

Bajeti inayofika bodini kwa mara ya kwanza mara nyingi ina mistari miwili: programu na kompyuta. Milioni 120 za chama chetu zingeweza kugawanywa hivi: programu na marekebisho yake milioni 55, seva ya kukodi na intaneti ya mwaka wa kwanza 15, kompyuta, printa za risiti na UPS (betri za kushikilia umeme ukikatika) 14, kusafisha na kuhamisha data 16, mafunzo 6, akiba ya dharura 14. Bodi ikitaka kukata, itaanza na hiyo akiba na mafunzo, na meneja ajiandae kuvitetea kwa hoja. Akiba ni ya vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuharibu mradi, ambavyo tayari vimeandikwa kwenye daftari la vihatarishi, kila kimoja na jina la mtu anayekichunga. Mfuko wa kulipia mawazo mapya ya wajumbe ni kitu kingine kabisa.

Angalieni pia kama bei ya mzabuni imewekwa kabla ya VAT, na ada ya matengenezo ya kila mwaka ni kiasi gani. Asilimia 15 hadi 20 ya bei ya programu ni kiwango cha kawaida; kwa milioni 55 hiyo ni kati ya milioni 8.25 na 11 kila mwaka, mfumo utakapokuwa hai. Chama kisichoweza kuibeba ada hiyo kwenye bajeti ya mwaka wa tatu hakijamudu mfumo, hata kama cha kununulia kipo.

Muda

Makadirio ya tarakimu moja ni ahadi iliyovaa koti la hesabu. Kwa kila kazi uliza namba tatu: mambo yakienda vizuri sana, yakienda kama kawaida, yakiharibika. Chukua ya kwanza, ongeza ya kati mara nne, ongeza ya mwisho, gawa kwa sita. Kazi ya siku 4, 6 au 14 inahesabiwa siku 7. Kanuni hii ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani. Faida yake kubwa kwa ofisi ndogo ni mazungumzo yanayofuata: kwa nini ile ya mwisho ni 14? Jibu lake ndilo kihatarishi cha kuandika daftarini.

Baada ya hapo panga kazi kwa utegemezi wake, nini hakiwezi kuanza mpaka nini kiishe, kisha tafuta mfuatano mrefu kuliko yote. Siku moja ikipotea kwenye mfuatano huo, mradi mzima umesogea siku moja. Ikipotea kwingine, huenda hakuna atakayejua. Meneja anayekimbizana na kila kazi kwa uzito uleule huchoka na kukosa ile moja inayochelewesha zote.

Mradi ukichelewa, bodi itapendekeza kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu ni ya hesabu. Watu watano wana njia 10 za kuwasiliana wao kwa wao, watu kumi wana 45, na wale wageni wanafundishwa na walewale waliokuwa wakifanya kazi. Dawa inayofanya kazi ni chungu: kupunguza mawanda, au kusogeza tarehe.

Kuhusu mjadala wa mitindo, yaani kupanga kila kitu mwanzoni au kujenga vipande vya wiki mbili mbili, tusikawie. Skrini na ripoti zijengwe kwa vipande, na kila baada ya wiki mbili kipande kionyeshwe mezani kwa karani, yeye mwenyewe akishika kipanya. Onyesho la projekta kwenye chumba cha mikutano huficha mengi. Data na siku ya kuhama zinataka mpango mmoja wa mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa huwezi kuhamisha nusu ya salio la mtu.

Na mtumiaji halisi akipewa kipande mapema, anaweza kuwaonyesha kwamba mlikuwa mnajenga kitu kingine. Jaribio la M-Pesa lilipoanza Kenya Oktoba 2005, lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, huku kazi ya kulinganisha marejesho na vitabu vya mkopeshaji ikiwa ngumu. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa. Mawanda yalibadilika, ila yalibadilika kwa uamuzi, baada ya ushahidi. Kwa chama chetu inatosha fomu ya ukurasa mmoja: nini kinabadilika, kwa nini, siku ngapi, shilingi ngapi, saini ya yule mwamuzi mmoja. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp saa nne usiku si badiliko la mkataba, hata ukitoka kwa mwenyekiti.

Data za zamani

Hapa ndipo miradi mingi ya aina hii hulala, na ndipo penye kazi isiyo na sifa. Hesabu kwanza. Chukueni wanachama 50 kutoka matawi yote, msafishe kumbukumbu zao mkiwa na saa. Tuseme imechukua wastani wa dakika 12 kwa mtu: kutafuta leja, kulinganisha na Excel, kuuliza namba ya simu. Wanachama 3,200 kwa dakika 12 ni saa 640. Karani mwenye saa sita halisi za kazi kwa siku atahitaji siku 107. Makarani watatu watamaliza kwa siku 36 za kazi, zaidi ya wiki saba, kama hawana kazi nyingine. Wanayo. Mtoa huduma aliyeandika "kuhamisha data: wiki 2" alikuwa anahesabu muda wa kompyuta kumeza faili safi ambalo bado halipo.

Sasa tazama faili lenyewe. Namba ya simu 0754 na zinazofuata imeandikwa kwenye seli ya tarakimu, Excel ikaila sifuri ya mbele. Hiyo inarekebishika. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, hairekebishiki: ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Mtu aliyeichapa bila vistari, kwenye seli ambayo haikuwekwa kuwa maandishi, amepoteza tano za mwisho. Zimegeuka sifuri, na hakuna fomula ya kuzirudisha. Kitambulisho chenyewe kinatafutwa upya. Kwa hiyo kabla karani hajagusa chochote, safu zote za namba za utambulisho ziwekwe kuwa maandishi, na kila tawi litumie kiolezo kimoja chenye safu zilezile kwa mpangilio uleule.

Mengine ni ya kawaida, na yanakula siku. Mwanahamisi wa leja ni Mwanahamis wa Excel. Wako Juma Ali wawili tawi moja. Mume na mke wanatumia simu moja, na mfumo mpya hautaki namba ijirudie. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa tawi hili na Machi kwa kompyuta ya tawi lile. Wapo wanachama waliofariki ambao hisa zao bado zinasubiri mirathi. Kwa kila kundi uamuzi uandikwe mara moja, na mtu mwenye madaraka, ili karani asiamue peke yake saa kumi na moja jioni. Mafaili haya yana taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022, Kenya ya 2019. Kuyarusha kwa barua pepe binafsi ya fundi au kuyabeba kwenye flashi isiyo na nywila ni kosa linalosubiri siku yake.

Kipimo cha mwisho cha data ni urari, yaani jumla za vitabu zinazopaswa kufungana. Siku mliyochagua kufunga vitabu, jumla ya hisa, jumla ya akiba na jumla ya mikopo iliyobaki kwenye mfumo mpya zilingane na urari wa mhasibu, tawi kwa tawi. Jumla ikilingana, bado chukueni wanachama 100 kwa kubahatisha mtazame salio la kila mmoja, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana ndani ya jumla. Tofauti ya shilingi 40,000 isiyo na maelezo isivumiliwe kwa kuwa ni ndogo. Inaweza kuwa ni milioni mbili zilizozidi upande mmoja na milioni mbili kasoro 40,000 zilizopungua upande mwingine.

Maendeleo, na asilimia 90 isiyosogea

Mtoa huduma akisema amefikia asilimia 90, mwulize ya nini. Njia salama ni kuhesabu vilivyokamilika tu. Kama mfumo una skrini na ripoti 40, na 22 zimejaribiwa na kukubaliwa na watumiaji kwa saini, mko asilimia 55. Ile iliyobakiza "kitu kidogo tu" inahesabiwa sifuri mpaka iishe. Malipo yafuate hesabu hiyo: asilimia 20 wakati wa kusaini, 20 baada ya kundi la kwanza la skrini kukubaliwa, 30 baada ya majaribio ya watumiaji, 20 baada ya kufunga hesabu za mwezi wa kwanza ndani ya mfumo mpya, na 10 baada ya miezi sita ya uangalizi. Chama kilicholipa asilimia 80 kabla ya majaribio hakina tena kamba mkononi.

Kasoro zinazopatikana kwenye majaribio zigawanywe madaraja matatu: inayokosesha pesa au kusimamisha kazi; inayokwepeka kwa njia nyingine; inayochafua sura tu. Hapo ndipo "tayari" inapata mwili wake: hakuna kasoro hata moja ya daraja la kwanza, zisizidi tano za daraja la pili na kila moja ina maelekezo ya kuikwepa, urari umefungana, makarani wote wamefaulu zoezi la dirishani, na bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, imerudishwa kwenye mashine nyingine ikafunguka.

Siku ya kuhama

Benki ya TSB ya Uingereza ni somo la gharama kubwa. Wikiendi moja ya Aprili 2018 ilihamisha wateja wake milioni 5.2 kutoka mfumo wa Lloyds, mmiliki wake wa zamani, kwenda kwenye jukwaa jipya lililojengwa na kampuni ya kundi la Sabadell, mmiliki mpya. Data zenyewe zilihama salama. Jukwaa ndilo lililoshindwa: wateja walifungiwa nje ya akaunti zao, na shughuli hazikurejea katika hali ya kawaida kikamilifu mpaka Desemba mwaka huo. Uchunguzi huru ulikuta kwamba majaribio ya uwezo wa mfumo yalifanywa kwenye kituo kimoja cha data kati ya viwili vilivyokuwa vinatumika. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wa nchi hiyo waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Aprili iliyofuata, aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa benki hiyo alitozwa pauni 81,620 kutoka mfukoni mwake, kwa udhaifu wa kumsimamia mtoa huduma na kuthibitisha utayari wake. Aliyejibu swali la "mko tayari?" alikuwa mtoa huduma, na jibu lilikosa ushahidi wa kutosha nyuma yake.

Kwa SACCOS yetu mambo ni madogo, lakini mpangilio ni uleule. Fanyeni mazoezi mawili kamili ya kuhama kwa data halisi, mkipima kila hatua kwa saa. Epukeni tarehe za mishahara. Ijumaa jioni madirisha yanafungwa na bakapu inachukuliwa. Jumamosi data zinaingizwa. Jumapili asubuhi urari na sampuli ya 100. Saa nane mchana Jumapili mwamuzi yule mmoja anapewa karatasi yenye masharti ya "tayari" yaliyotajwa juu, kila moja likiwa na alama ya ndiyo au hapana. Hapana moja inatosha: Jumatatu matawi yanafungua kwa leja, na hakuna anayelaumiwa. Saa ya uamuzi iwekwe mapema kiasi kwamba muda wa kurudi nyuma bado upo. Kuamua saa sita usiku ni kujinyima chaguo la pili.

Mafunzo yawe ndani ya wiki mbili kabla ya hapo. Yakifanywa miezi miwili mapema yanasahaulika, na karani anayeshikwa na foleni ya watu ishirini atarudi kwenye daftari lake la siri, kisha mtakuwa na mifumo miwili isiyolingana. Kuendesha vyote viwili kwa makusudi, leja na mfumo, kunafaa kwa mwezi mmoja tu. Ni kazi maradufu, na baada ya wiki sita watu huanza kunakili kutoka kimoja kwenda kingine, hivyo ulinganisho haupimi tena kitu.

Kukabidhi

Orodha ya makabidhiano iwe na vitu vya kushikika: nywila ya juu ya kanzidata (ghala la data la mfumo), akaunti ya seva na kadi inayoilipia, jina la tovuti na barua pepe iliyolisajili, msimbo chanzo kama mkataba unautaja, na maelekezo ya kurudisha bakapu. Hiyo barua pepe ya usajili iangaliwe kwa macho. Ikiwa ni ya binafsi ya fundi, siku akihama kazi chama kinabaki kinamtafuta kwa simu ili kilipie jina lake chenyewe.

Kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya mwisho, chagueni siku moja ambayo mtoa huduma hatapokea simu kutoka kwenu. Mtumishi wenu mwenyewe, akiwa na maelekezo yaliyokabidhiwa tu, arudishe bakapu ya jana kwenye kompyuta nyingine, afungue akaunti ya mwanachama yeyote na kuchapa taarifa yake. Ilinganisheni na ile iliyochapwa kwenye mfumo unaotumika. Zikilingana, hundi iandikwe.